Saa ya Kisimani kwa Bi Sauda

"Mwambie nimekufa," ndivyo nilivyomjibu mpwa wa Bi Sauda alipokuja kibandani kwangu hapa Pemba ya Msumbiji, mvua za mwaka jana zilipochachamaa. Nilikuwa nakaanga vitumbua, mafuta yameshapata moto, na sikuwa na nafasi ya habari za Bi Sauda, siku hiyo wala siku nyingine. Yule binti hakuwa na kosa, katumwa kafika. Akanambia shangazi yake hali hanywi, na kila akifumbua macho anauliza kama Mwanaisha kaja. Nikamwambia Mwanaisha ana kazi. Akaondoka kwenye matope yale na kanga kichwani, nami nikarudi kwenye kikaango changu, na vitumbua vyote vya mkupuo ule vikaungua, nikavitupa.

Mimi na Bi Sauda tulikimbia vita vilevile. Vilitutoa Palma, vikatutupa mji mmoja huu, na kwa miaka yote hii tumekuwa tukipishana sokoni bila salamu. Watu wakidhani ni mambo ya wanawake, labda mume, labda deni. Wala. Ni mambo ya fundi umeme mmoja aliyeitwa Cosme, na ya lile lililosemwa juu yake alipokwisha kufa, kwamba alikosea kazi yake. Hakukosea. Nimelisema hilo mbele za watu nikiwa msichana, nikafukuzwa kazi kwa kulisema, na nalisema tena sasa nikiwa na mvi na magoti yanayolia kila nikiinama kwenye jiko. Mwenye masikio na asikie.

Mwaka ninaousema ni ule ambao Palma nzima ilianza kusema gesi. Hakuna aliyeiona. Ilikuwa chini ya bahari, mbali, kwenye meli za kuchimbia zilizowaka taa usiku kucha. Sisi tulichokiona ni watu: wapima ardhi, madereva, wakalimani, wazungu wa kila namna na vijana wa Maputo wenye viatu vilivyochongoka, wote wanatafuta pa kulala. Mwenye chumba kimoja alipaka chokaa akaita hoteli. Sokoni, kwenye mafungu ya mihogo, ungewasikia wanawake wakibishana kama gesi inanuka, na kama watapewa ya kupikia bure. Muuza dagaa mmoja aliapa kwamba vijiji vizima vitahamishwa, vyenyewe na makaburi yake, kuipisha gesi. Tulimcheka hadi machozi. "Mama wewe, makaburi yanahamishwaje?" Basi baadaye tuliona yanavyohamishwa.

Bi Sauda alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Alikuwa na nyumba kongwe ya mawe karibu na soko, na nyuma yake uani akajenga safu ya vyumba vya matofali, kila chumba na kiyoyozi chake, akavikodisha vyote kwa kampuni moja ndogo iliyokuwa ikiwafanyia kazi watu wa gesi. Mimi nilikuwa mpishi wao. Jiko lilikuwa na dirisha moja lisilo na kioo, linatazama kisima. Harufu ya chumba kile ninayo mpaka leo: nazi, moshi wa mkaa, dizeli ya jenereta, na sabuni ya wageni ikikauka kwenye mashuka. Wageni nikiwapikia kuku na chipsi. Sisi wa nyumbani tukila ugali wa muhogo na kisamvu, au samaki wa nazi Bi Sauda akiwa amefurahi. Kula tulikula pamoja, mkekani, yeye kichwani, na hakuna aliyenyanyua tonge kabla yake.

Sasa nieleze jambo la saa, maana bila hilo hamtanielewa. Ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania, saa iko mbele ya yetu kwa saa moja kamili. Wao wakiwa saa tisa, serikali ya Msumbiji inasema saa nane. Lakini Maputo ni mbali na Mtwara ni karibu, na watu wengi wa Palma, hasa wazee, waliishi kwa saa ya ng'ambo kwa sababu redio waliyoisikia ni ya ng'ambo, ndugu zao ni wa ng'ambo, na hata simu ukiisogeza upande wa mto inashika mtandao wa ng'ambo na saa yake inaruka mbele yenyewe. Bi Sauda ndiye aliyekuwa imamu wao. Redio yake ilikaa dirishani toka alfajiri, na mlio wa taarifa ya habari ulipolia, ndio saa hiyo, basi, imekwisha.

"Jua la watu linazama saa kumi na mbili," alikuwa akisema. "Hii saa ya Maputo, kipupwe jua linazama saa kumi na moja. Saa kumi na moja! Mtu afuturu mchana kweupe? Hiyo ni saa ya watu wanaopenda kulala."

Wageni nao walikuwa na ya kwao, ya Maputo, ya ofisi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na saa mbili, na sisi wa jikoni tukazijua zote kama unavyojua lugha mbili. Bi Sauda akisema nitakula saa nane, natoa moja, najua kwa wageni hiyo ni saa saba. Chai ya asubuhi nilipika mara mbili. Hatukuona taabu. Ilikuwa mzaha wa nyumba, na aliyeupenda zaidi mzaha huo ni Cosme.

Cosme alikuwa Mmakonde wa Mueda, juu kwenye uwanda, Mkristo, kasomea umeme shule ya ufundi hapahapa Pemba. Kampuni ya wageni ndiyo iliyomleta. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alikuwa na tabia ya kuuliza kila kitu mara mbili kabla hajakigusa. "Umezima?" "Nimezima." "Umezima kweli?" Mpaka unachoka, unamwambia, we Cosme, ama! Yeye anacheka tu, anasema, umeme haukohoi kabla ya kuingia.

Jenereta yetu ilikuwa haiwezi kubeba pampu ya kisima na viyoyozi kwa pamoja. Ukiviwasha vyote inaguna, inatoa moshi mweusi, inazima. Wageni waliporudi mchana kula na kupumzika walitaka baridi vyumbani. Na tangi nalo linataka maji. Cosme akaleta saa. Aliitoa kwenye kiwanda cha pamba kilichokufa, kule bara, akaisafisha kwa mswaki na mafuta ya taa mezani kwangu jikoni, karibu na nazi zangu, mpaka nikamfokea. Yeye aliiita relojio, sisi tukaiita saa ya pampu. Haikuwa na mishale. Ilikuwa sahani ya duara iliyoandikwa saa zote za mchana na usiku, inazunguka polepole, na pembeni mwa sahani kuna vijino vya chuma. Kijino kikifika pahali pake, kinasukuma kidude, tak! umeme unatoka kwenye pampu unakwenda kwenye viyoyozi. Kijino kingine kikifika, unarudi kwenye pampu. Aliipanga kwa saa ya wageni: saa saba mchana pampu inalala, saa tisa inaamka. Akaifunga ukutani kwenye ujia wa jikoni, ndani ya kisanduku cha bati chenye kufuli, na ufunguo akampa Bi Sauda, ambaye aliufunga kwenye pindo la kanga.

Saa ile ilikuwa na kilema kimoja, na Cosme alitukalisha chini kutueleza. Yenyewe inazungushwa na umeme uleule. Jenereta ikizimika, nayo inasimama. Ikiwaka, inaendelea pale ilipoishia, haina habari kwamba kulikuwa na kulala. "Kwa hiyo jenereta ikilala muda mrefu, mamã, ukiwaka umeme fungua, tazama saa yako ya kweli, kisha isogeze kwa kidole mpaka ilingane. Mbele tu. Ukiirudisha nyuma utaivunja." Bi Sauda akajaribu palepale, kidole chake kirefu chenye hina kikaisukuma sahani, kikiti, kikiti. Akafurahi kama mtoto. Wallahi sijamwona akifurahi vile tena. Na kulikuwa na kilema cha pili: kile kishikizo cha kuizima kwa mkono kilikuwa kimevunjika hukohuko kiwandani. Ukitaka kuikatia pampu umeme nje ya ratiba, huna budi kuzima swichi kubwa ya nyumba yote, jokofu na kompyuta za wageni pamoja, na msimamizi wao alikwisha kukataza hilo saa za kazi. Cosme alimwomba swichi ndogo ya pampu peke yake. Ikaagizwa. Ilikuwa njiani. Mvua ikakata barabara, na lori likabaki Mocímboa.

Niseme na hili, nisijifiche: nilimpenda. Alikuwa akija jikoni kwa kisingizio cha kuitazama saa, anakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, ananikunia nazi vibaya. Nilimtania kwamba akitaka kunioa atasilimu, na jina nimeshampa, Kassim. "Kassim," anajaribu mdomoni kama anaonja chumvi, "Kassim fundi umeme. Pronto, basi, si baya." Siku moja aliacha kucheka akasema mvua zikipungua atamleta mama yake toka Mueda, aseme na wajomba zangu, halafu mambo ya dini wazee watajua. Nikamwambia mama yako atanipenda mimi mtu wa pwani? Akasema, "Mama yangu anampenda mtu yeyote anayekaa karibu na maji." Kule kwao juu hakuna maji, wanawake wanashuka bondeni na ndoo nusu siku. Nilidhani ni utani. Nilikuja kuelewa baadaye maneno yale yana uzito gani.

Mwezi wa maulidi ukaingia na mvua juu yake. Bi Sauda kila mwaka alisomesha maulidi nyumbani, pilau la watu wengi, na mwaka ule alitaka liwe kubwa ili mji ujue kwamba wageni hawakumbadilisha. Mambo yakaharibika kwa pamoja. Dizeli ilichelewa, jenereta ikalala toka asubuhi mpaka karibu jioni. Ilipowaka, pampu ikaguna bila kutoa maji: ukingo wa kisima ulikuwa umeporomoka kwa mvua, matope yameimeza. Cosme hakuwepo siku hiyo. Alikwenda njia ya Mocímboa kuangalia kama lori litapita. Bi Sauda akakumbuka mafunzo yake. Akafungua kisanduku, akaiona saa imebaki nyuma, akangoja redio. Mlio wa taarifa ya habari ulipolia, akaisukuma sahani kwa kidole, mbele tu, mpaka ikalingana na redio. Kikiti, kikiti. Akafunga, akafunga na ufunguo kwenye kanga. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nilimsikia akisema peke yake, "Haya, umeamka." Sikuwaza lolote. Ile ilikuwa kazi aliyofundishwa, na aliifanya.

Cosme alirudi kesho yake, mchana, katota, bila swichi. Wageni walikuwa wamekwisha kula, wamejifungia kwenye baridi yao. Aliposikia habari za kisima akataka kushuka hapohapo, maana tangi lilikuwa tupu na maulidi yanakuja. Pampu ilikuwa kimya. Akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa saba na nusu, ya Maputo. Nilikuwa dirishani, na mazungumzo yale niliyasikia yote, nimeyasikia kila mwaka toka siku ile.

"Bi Sauda, jana motor ya jenereta ililala?"

"Ililala kutwa."

"Na saa mliiamsha?"

"Niliiamsha mwenyewe. Kwa mkono huu."

"Iko sawa?"

"Sawa kabisa."

"Sawa kweli?"

"Ebo! Cosme, mimi mtoto? Nimekwambia sawa."

Akacheka, akavua viatu. Mlinzi wetu, Saidi, akamshikia kamba, akashuka ngazi ya chuma na koleo fupi, na mfuko wa vifaa shingoni. Alitaka kuitoa pampu matopeni, kisha aifungue pale waya unapoungwa, maana maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo. Nilisikia akiimba kule chini, sauti inatoka kisimani nene kama ya mtu mwingine. Baada ya muda Bi Sauda akatoka barazani na tasbihi yake, akachungulia.

"Fundi, harakisha! Saa tisa hiyo inakuja!"

Na Cosme akajibu toka chini, kwa adabu, anacheka: "Hiyo ni saa yako, mamã. Kalma, tulia. Yangu bado sana."

Tulicheka sote. Saidi alicheka, mimi dirishani nilicheka, Bi Sauda mwenyewe alitabasamu, akatikisa kichwa, akarudi barazani. Mzaha wa nyumba. Cosme alimfanyia hesabu ileile aliyomfanyia siku zote, ya kutoa moja, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kila mtu uani pale alisema kweli. Isipokuwa ile saa ukutani, ndani ya bati lake, ilikuwa imehama, inaishi Mtwara, na hakuna aliyejua ila mwanamke aliyeamini kwamba hakuna saa nyingine.

Kwanza viyoyozi vilinyamaza, vyote pamoja. Nikasema kimoyomoyo, mbona mapema. Na kabla sijamaliza kusema, pampu ikalia. Ni mlio mdogo tu, wa kunguruma, niliousikia kila siku ya Mungu bila kuujali. Wimbo ukakatika. Saidi akapiga kelele jina lake. Nilitoka na kisu cha vitunguu mkononi, mgeni mmoja akatoka chumbani na taulo, msimamizi akakimbilia swichi kubwa, ileile isiyoruhusiwa kuguswa, akaizima, na nyumba yote ikawa kimya, hata jokofu. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Mkono mmoja, mara moja. Ila Cosme alikwisha kufa.

Sitasimulia alivyotolewa. Alizikwa kesho yake kwenye makaburi ya Wakristo, kwa sababu barabara ya Mueda ilikuwa haipitiki na maiti haingoji. Mimi sikuwa mke wala mchumba wa kutambulika, kwa hiyo nilisimama mbali, pamoja na wapita njia. Maulidi hayakusomwa. Kisima kilikombwa, ndoo baada ya ndoo, maji yakamwagwa barabarani, mwalimu akaja akasoma. Na wageni walihitaji maji, basi wakamleta fundi mwingine, pampu ikafungwa upya, na msimamizi akafungua kisanduku, akatazama, akasema kitu kwa lugha yao, akaizungusha sahani mbele, mbele, mzunguko karibu wote, mpaka ikafika kwenye saa yake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sufuria. Nikaona kwa macho yangu: ilikuwa imesimama pale swichi kubwa ilipoikatia, inasoma saa tisa, na Cosme alikufa saa nane ya wageni. Hapo ndipo nilipoelewa.

Mama yake Cosme alifika njia zilipokauka kidogo, juu ya lori la mihogo, pamoja na binti yake wa kumfasiria. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye chale za Kimakonde usoni na kapulana mpya, kanga ya kwao, aliyoivaa kwa ajili ya watu wa mwanawe. Wakamkalisha barazani. Msimamizi akasema kwa Kireno kwamba kampuni inasikitika, na kwamba fundi hakufuata utaratibu. Binti akamfasiria. Yule mama akamgeukia Bi Sauda, mwanamke kwa mwanamke, mkubwa kwa mkubwa, akauliza swali moja tu. Binti akalitia kwenye Kiswahili: "Mama anauliza, mwanangu alikosea?"

Bi Sauda alishika tasbihi yake. Nilimwona akipiga hesabu, si ya saa, ya vyumba vyake vya matofali, ya mji, ya jina lake. Akasema, "Alikosea, dada yangu. Nilimwita aharakishe, hakusikia. Mungu amsamehe."

Nikaingia barazani na sinia la chai mikononi. Nikasema hapana. Nikasema hakukosea, aliuliza mara mbili, Bi Sauda alimwambia iko sawa, na Bi Sauda ndiye aliyeisogeza ile saa. Chai ilimwagika, sijui nililiweka wapi lile sinia. Bi Sauda akasimama, urefu wake wote. "Niliisogeza, ndiyo! Nikaiweka sawa! Kwa redio! Ulitaka niiweke vibaya?" Na tazama, alikuwa anasema kweli. Msimamizi akauliza msichana huyu ni nani. Akajibiwa ni mpishi. Binti wa Mueda alinitazama, akamtazama Bi Sauda, hakujua afasiri lipi, akafasiri la mwenye nyumba.

Ndipo yule mama alipopiga magoti. Kwanza nilidhani ameishiwa nguvu. Lakini alikuwa ameelewa kwamba mwanawe amefia kisimani, na kwamba kisima kile kilibidi kikombwe chote na maji yamwagwe chini. Mtu wa kule juu, anayeteremka bonde zima kwa ndoo moja. Alipiga makofi mawili ya pole, kama wanavyofanya kwao, akasema na binti akafasiri huku analia: "Mama anaomba radhi. Anasema mtusamehe kwa maji yenu, mwanawe ameyaharibu."

Na Bi Sauda akajibu, "Tumeshasamehe."

Jioni ile nilifungasha nguo zangu kwenye kanga nikaondoka bila kuambiwa, ingawa kuambiwa niliambiwa pia. Walinifukuza kazi. Mji wote ukashika lile la baraza, fundi kauawa na saa yake mwenyewe, na watoto wakalifanya maneno ya mchezo. Kwa miaka mingi nikaona uchungu wangu ni wa kumpoteza Cosme. Sivyo. Cosme nilimlia, akapoa kifuani kama wanavyopoa wafu. Kisichopoa ni yale magoti ya mama yake kwenye sakafu ya Bi Sauda, na lile neno tumeshasamehe.

Basi siku ya vitumbua kuungua nilifunga kibanda mapema, nikaenda. Hasira ndiyo iliyonipeleka, msinipe sifa. Nilimkuta kwenye chumba cha kupanga cha mpwa wake, juu ya godoro chini, amebaki mifupa mirefu. Kichwani pake redio ndogo imefungwa kwa mpira. Bati linapigwa na mvua, nikakaa mkekani mpaka ilipopungua.

"Umekuja kunicheka," akasema.

"Nimekuja kwa sababu umeniita."

"Mama wa fundi yuko wapi? Nataka uende kwake. Wewe una miguu."

Nikamwambia. Nilikutana na yule binti wa Mueda hapahapa Pemba, kwenye foleni ya mchele wa wakimbizi; yeye ndiye aliyenikumbuka, kwa lile sinia. Mama yao alikwisha kufariki, kwao, kabla hata vita havijafika kule juu. "Umechelewa, Bi Sauda."

"Alikufa anajua nini?"

"Alikufa anajua mwanawe alikosea. Wewe ndiye uliyemwambia."

Alifumba macho, nikadhani kalala. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, hakuwa na nguvu ya kuyafuta na mimi sikumfutia. "Mimi niliiweka sawa, Mwanaisha," akasema. Nikamwambia najua. "Kwa redio." Najua. "Kisha mtu asiye na kosa akaniomba radhi, nikapokea. Hilo ndilo linalonikaba. Si saa. Nikapokea."

Alikuwa anangoja kitu toka kwangu, na nilikijua. Sikukitoa. Aliyekuwa na haki ya kukitoa amezikwa uwandani, na mimi si wa kufasiri maneno ambayo hakuyasema. Nikajifunga kanga niondoke. Akaushika upindo wa kanga yangu kwa vidole vyake vile virefu, bila hina sasa.

"Kabla hujaenda. Saa ngapi?"

Nikatoa simu, nikatazama. "Saa nane na robo."

Akaniangalia, redio iko palepale kichwani pake, imezimwa.

"Ya huku," akauliza, "au ya kwetu?"

Muda wote niliokaa nyumbani kwake sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo. Nikakaa tena kwenye mkeka, nikamtajia zote mbili.